Maji yakikatika, bomba lako linaweza kunyonya uchafu. Fahamu sababu

Maji yamekatika. Mpira uliounganishwa na bomba umezama kwenye beseni la nguo zilizolowekwa, na koki imeachwa wazi. Wengi wanajua hapo ni kusubiri tu mgao urudi. Kumbe yale maji ya sabuni yanaweza kurudi ndani ya bomba.

Inatokeaje?

Maji hutoka kwa sababu ya presha. Presha ya bomba la mtaani ikishuka kwa mgao, bomba kupasuka au jirani kufunga pampu moja kwa moja kwenye bomba hilo, bomba linaweza kuanza kunyonya kama mtu anayekunywa soda kwa mrija. Pia huvuta maji machafu yaliyozunguka bomba lenye ufa.

Huduma ikirudi, uchafu huo husukumwa kwa atakayefungua koki kwanza. Anaweza kuwa wewe, au jirani asiyejua lolote.

Imewahi kuua

Mwaka 1933 jijini Chicago, Marekani, maji safi ya hoteli mbili yalichanganyika na majitaka kwa sababu ya mabomba yaliyounganishwa vibaya. Watu zaidi ya 1,400 waliugua ugonjwa wa kuhara unaosababishwa na amiba na 98 walifariki.

Nani anasimamia?

Tanzania, EWURA hudhibiti mamlaka za maji, na TBS huweka viwango vya maji ya kunywa. Vijijini kuna RUWASA, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri maji yamfikie mteja yakiwa na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita. Shida ni kwamba kiasi hicho hakitoshi kuua vijidudu vya majitaka yaliyoingia kwa wingi. Na hakuna mkaguzi anayeshinda uani kwako.

Ufanye nini?

- Usizamishe mpira kwenye ndoo, beseni au tanki. Acha nafasi ya hewa angalau mara mbili ya upana wa mdomo wa bomba.
- Pampu ivute kutoka kwenye tanki lako, si bomba la mtaani.
- Mwambie fundi bomba afunge valvu isiyorudisha maji karibu na mita.
- Maji yakirudi, yaache yatiririke hadi yawe safi. Ya kunywa, chemsha.
- Yakitoka na harufu au rangi, usinywe. Piga simu mamlaka ya maji.