Mwendo wa mitambo haudhibitiwi, huongozwa

MSOMAJI mmoja wa safu hii, fundi wa mitambo ya viwandani, ameniuliza kama 'udhibiti wa mwendo' ni istilahi mwafaka kwa teknolojia anayoishughulikia. Jibu langu ni kwamba inaeleweka, ila inapotosha kidogo.

Kudhibiti, kitenzi tulichokipokea kutoka Kiarabu, hubeba wazo la kushika imara, kuzuia kitu kisiponyoke. Twadhibiti ghasia, bei na maradhi. Sasa hebu tazama mtambo wa kujaza chupa za soda. Mkanda unabeba chupa, mdomo wa kujazia unashuka, kifuniko kinafungwa. Hakuna kinachozuiwa hapo! Kila mota huambiwa ifike wapi na kwa kasi gani. Kihisi kilichofungwa kwenye mhimili wake huripoti ilikofika hasa. Kompyuta hulinganisha amri na ripoti, kisha husahihisha tofauti, na hufanya hivyo mara elfu moja au zaidi kwa sekunde.

Hiyo, basi, ni kazi ya mshika usukani. Yeye hutazama upepo na mkondo vimempeleka wapi, akarekebisha. Norbert Wiener, mwanahisabati wa Marekani, aliliona hilo. Katika kitabu chake cha 1948 aliipa taaluma hii jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo ya mshika usukani, ndipo tukapata 'sibanetiki'. Wajapani nao hawakungoja kamusi. Mwaka 1969 Tetsuro Mori, mhandisi wa kampuni ya Yaskawa, aliunganisha 'mekanika' na 'elektroniki' akaunda 'mekatroniki', neno ambalo leo ni jina la kozi katika vyuo vikuu, hata humu nchini.

Soko lenyewe ni pana ajabu. Mota za namna hii hununuliwa na wenye viwanda vya vitambaa, waundaji wa chipu za kompyuta na wa roboti za upasuaji. Wa soda anataka kasi. Wa chipu anataka usahihi wa chini ya sehemu ya elfu ya milimita. Wa upasuaji anataka mkono usiotetemeka. 'Uongozaji mwendo' unawafaa wote, na tayari tuna waongozaji wa ndege. Lakini mwanafunzi wa ufundi akisikia 'udhibiti' hufikiria breki. Mtambo ukianza kumwaga soda sakafuni, ataikagua breki kabla ya kihisi.

Kihisi chenyewe mafundi hukiita 'enkoda' tu, nami sioni haja ya kuwasumbua.