Redio ni ya nani?

Hapa Lubumbashi redio ni mingi, lakini wenyeji wazo ni wachache. Nyota na Mapendo zote mbili zilikuwa za mutu mumoja, Moïse Katumbi, gavana wa Katanga toka 2007 mpaka 2015. Alipotoka katika chama cha Kabila, zikafungwa. Ugomvi ulikuwa wa siasa. Wafanyakazi wakabaki bila kazi.

Na sisi wa sendika tumeyaona. Tulipeleka komunike ya mishahara kwa redio moja, hawakuisoma: mwenye redio ana mikataba na kampani yetu. Mujurnalisti alituomba pardon. Maskini, naye hana mushahara, anaishi na coupage, ile feza wanamupa akiitwa kwenye mukutano.

Sasa tunaisoma wenyewe na megafoni kwenye mulango wa mine, timu ya usiku ikitoka.