Arbuni si Gari

Ahadi ni deni, walinena wahenga. Kampuni ya Tesla ya Marekani ilipozindua gari la umeme la Model 3 hapo Machi 31, 2016, maagizo zaidi ya 300,000 yalimiminika kwa muda wa wiki moja, arbuni ikiwa dola 1,000 kwa kila gari. Shangwe zilihanikiza kote.

Hata hivyo, arbuni haiundi gari. Kiwanda ndicho kiundacho. Kati ya Julai na Septemba 2017, magari zaidi ya 1,500 yalitarajiwa. Yaliyotoka ni 260 tu. Mitambo iliyotegemewa ilikwama, hasa katika kuunga betri, ikabidi mikono ya binadamu irudie kazi. Magari 5,000 kwa wiki, yaliyoahidiwa kabla ya 2017 kwisha, yalipatikana mwishoni mwa Juni 2018, tena kwa msaada wa hema lililosimamishwa nje ya kiwanda cha Fremont, California.

Naam, aliyechoka kungoja aliweza kurudishiwa fedha zake. Je, muda wake angerudishiwa na nani? Yafaa basi wenye viwanda wasijivunie wingi wa arbuni. Hilo ni deni, na hulipwa gari likabidhiwapo mwenyewe.