Klachi ya Gari: Weka Alama Kabla ya Kufungua

Goweko ni kituo cha reli katika Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo, mizigo ya njia hii ilipita mabegani mwa watu. Wapagazi wa Kinyamwezi walifunga mizigo mingine, kama waya wa shaba, kwenye ncha mbili za mti. Huo ni mzega. Upande mmoja ukizidi uzito, mti huyumba na bega huumia. Kwa hiyo mpagazi alisawazisha mzega wake kabla ya kuondoka.

Leo mizigo inasafiri kwa treni na magari. Lakini kanuni ya mzega haijabadilika. Imo ndani ya klachi ya gari.

Ndugu msomaji, huenda wewe huna gari. Lakini usiku mama mjamzito akihitaji kupelekwa hospitali mjini Tabora, mtatafuta gari lolote lililopo kijijini. Klachi ikiwa imekwisha, injini itanguruma na gari halitakwenda. Basi ni vizuri kujua klachi ni nini na jinsi ya kuitengeneza.

KLACHI NI NINI?

Weka daftari kati ya viganja vyako viwili. Ukibana, daftari halitoki. Ukilegeza, linaanguka. Klachi hufanya kazi hivyo hivyo.

Kiganja cha kwanza ni flaiwili, yaani gurudumu zito la chuma lililofungwa kwenye injini. Kiganja cha pili ni presha pleti, yenye springi kali. Daftari ni pleti ya klachi. Hiyo ni sahani nyembamba yenye lainingi pande zote mbili. Lainingi ni kitu kigumu, kama kile cha breki, na hufungwa kwa ribiti.

Ukikanyaga pedali, springi huachia. Injini inazunguka, lakini magurudumu hayapati nguvu. Ukiinua mguu, springi hubana pleti na gari linakwenda.

DALILI ZA KLACHI MBOVU

Injini inaongeza kelele lakini gari haliongezi mwendo. Unasikia harufu ya kuungua. Gia zinakataa kuingia. Gari linatetemeka linapoanza kuondoka.

Madereva wengi huua klachi wakati wa masika. Gari likizama kwenye tope, dereva hukanyaga mafuta huku akishikilia klachi nusu. Lainingi huungua. Ni bora kushuka, kuchimba tope na kuweka matawi chini ya magurudumu.

KUFUNGUA

Tuchukue mfano wa Volkswagen ndogo ya zamani, ile yenye injini nyuma. Injini yake imeshikwa kwenye giaboksi kwa boliti nne. Fundi mwangalifu anaweza kuitoa nyumbani. Lakini ina uzito wa kilo 100 hivi. Kwa hiyo wafanye kazi watu wawili au watatu.

Kwanza, ondoa waya wa betri na uzibe bomba la petroli. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe. Inua nyuma ya gari, kisha weka magogo mapana na imara chini ya chuma cha gari. Usiingie kamwe chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Jeki huteleza, na mtu hufa.

Ondoa nyaya na mabomba yote yanayounganisha injini na gari. Itegemeze injini kwa jeki, fungua boliti nne, kisha uivute nyuma moja kwa moja. Usiiache ining'inie, maana pleti itapinda.

Sasa utaiona presha pleti imefungwa kwenye flaiwili. Ngoja! Usifungue bado. Chukua tindo, upige alama ndogo kwenye presha pleti, na nyingine kwenye flaiwili mkabala nayo. Alama hizo zitakuonyesha jinsi ya kuvirudisha vilivyokuwa. Halafu legeza boliti zote kidogo kidogo, kwa kupishana, ili presha pleti isipinde. Usiibomoe presha pleti yenyewe. Springi zake zinaweza kuruka na kukuumiza. Ikiwa imechoka, nunua nyingine.

Jihadhari na vumbi. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake huingia mapafuni na huleta kansa baada ya miaka mingi. Usilipulize. Lilowanishe kwa maji, pangusa kwa kitambaa kibichi, kisha ukifunge kitambaa kwenye mfuko na kukifukia.

KWA NINI UZITO ULINGANE?

Geuza baiskeli, magurudumu yawe juu. Zungusha gurudumu la mbele polepole, uliache lisimame lenyewe. Likiwa jepesi kuzunguka, mara nyingi upande wa valvu husimama chini, kwa sababu ni mzito kidogo.

Kwenye baiskeli si neno. Lakini injini huzunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde. Gramu 10 zikizidi upande mmoja, sentimita 10 kutoka katikati, huvuta kama mzigo wa kilo 10. Mwendo ukiongezeka mara mbili, huvuta kama kilo 40. Gari hutetemeka, na beringi huharibika.

KUFUNGA TENA

Ukiweka lainingi mpya, ziwe za aina moja na unene mmoja. Gonga ribiti kwa kupishana, moja huku, nyingine upande wa pili. Vichwa vya ribiti vizame ndani ya lainingi, visikwaruze chuma.

Kisha pima uzito. Pitisha katikati ya pleti fito ya chuma iliyonyooka na kukaza vizuri. Laza fito juu ya vyuma viwili vilivyo sawasawa. Pleti ikisimama, tia chaki upande wa chini. Izungushe tena mara kadhaa. Ikisimama kila mara mahali tofauti, iko sawa. Chaki ikirudi chini kila mara, upande huo ni mzito. Tazama kama kuna ribiti iliyokosekana au lainingi nene. Usipoona kosa, ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kupimia.

Kabla ya kufunga, tazama kama injini inavujisha oili. Oili ikilowesha lainingi, klachi itateleza tena. Rudisha presha pleti alama kwa alama, pleti ikiwa katikati kabisa. Kaza boliti kwa kupishana. Mwisho, rekebisha waya wa klachi mpaka pedali iwe na nafasi ya sentimita 1 hadi 2 kabla ya kuanza kubana.

Endesha polepole na usikilize. Ukisikia mtetemo ambao haukuwapo, simamisha gari. Alama moja ya tindo huchukua dakika moja. Kuisahau kunaweza kukugharimu injini.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Mzega na klachi vinafanana kwa jambo gani?
2. Kwa nini tunapiga alama kabla ya kufungua?
3. Kwa nini hatupulizi vumbi la klachi?
4. Gari likizama kwenye tope hapa kwetu, tufanye nini ili klachi isiungue?