Neno la Msomaji na Neno la Katalogi: Uchambuzi wa Utafutaji katika Maktaba za Vyuo, kwa Mifano ya Bunia

1. Utangulizi

Msomaji anapoandika neno katika kisanduku cha kutafutia cha katalogi ya maktaba, kisha kompyuta ikamjibu kwamba hakuna kilichopatikana, mambo mawili yanaweza kuwa kweli. Huenda maktaba haina kitabu anachokihitaji. Huenda pia kitabu kimo, kimesimama rafuni, ila kimeandikishwa kwa neno jingine. Kwa msomaji hali hizi mbili hazina tofauti, kwani katika zote mbili anaondoka mikono mitupu. Kwa maktaba tofauti ni kubwa. Dawa ya hali ya kwanza ni kununua kitabu. Dawa ya hali ya pili ni kurekebisha maneno, kazi inayohitaji maarifa kuliko fedha.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maktaba inavyoweza kuzitenga hali hizo kwa kuhifadhi na kuchambua maneno ambayo wasomaji wanayatafuta katika katalogi iliyo kwenye tovuti. Mifano imetolewa katika mazingira ya lugha ya Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri, wenye vyuo kadhaa vya elimu ya juu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Shalom kilichoanza mwaka 1961 kama taasisi ya theolojia na kuwa chuo kikuu mwaka 2007. Mifano ya maneno yanayotafutwa ni ya kufafanulia tu. Haikutolewa katika kumbukumbu za maktaba yoyote. Hoja ya msingi ni kwamba kumbukumbu za utafutaji, hususan wa ule usiofaulu, ni data ya lugha kabla ya kuwa takwimu za kompyuta. Kwa sababu hiyo mwanaisimu ana kazi ndani yake kama alivyo nayo mkutubi.

2. Asili ya suala hili

Mwaka 1876 Charles Cutter wa Marekani alichapisha kanuni za katalogi, akasema kwamba kazi ya katalogi ni kumwezesha mtu kupata kitabu ambacho anamjua mwandishi wake, au jina lake, au mada yake. Mwaka 1931 S. R. Ranganathan wa India, katika kanuni zake tano za ukutubi, alisisitiza kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake. Hata hivyo, katika enzi ya kadi hapakuwa na njia ya kujua ni mara ngapi msomaji na kitabu chake walipishana. Aliyepekua droo ya kadi bila mafanikio hakuacha alama. Swali lake lilijulikana tu iwapo alimwendea mkutubi na kumwuliza.

Kompyuta ilibadili jambo hilo kwa kuwa huhifadhi kila ombi inalopokea. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Marekani walizisoma kumbukumbu hizo kwa utaratibu. Thomas Peters alichapisha mwaka 1989 uchambuzi wa kumbukumbu za katalogi ya chuo kikuu kimoja, akionyesha kwamba hata wasomaji wenye akili hushindwa. Naye Christine Borgman aliuliza mwaka 1986 kwa nini katalogi za kompyuta ni ngumu kutumia. Mwaka 1996 alilirudia swali lile lile, akiongeza kwamba bado ni ngumu. Jibu lake lilikuwa kwamba katalogi zilibuniwa bila kuelewa vya kutosha namna watu wanavyotafuta.

3. Kinachohifadhiwa

Kumbukumbu ya utafutaji inapokuwa kamili huwa na mambo matano: saa ya utafutaji, maneno yaliyoandikwa, sehemu iliyotafutwa (mwandishi, jina la kitabu au mada), idadi ya majibu, na jibu lililofunguliwa baadaye. Si lazima kununua programu ya bei kubwa ili kuyapata. Koha, programu huria ya maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na ambayo jina lake katika Kimaori lina maana ya zawadi, huweka maneno ya msomaji ndani ya anwani ya ukurasa wa majibu, baada ya herufi q na alama ya usawa. Anwani hiyo huandikwa katika daftari la seva kila ukurasa unapoombwa. Programu nyingine huria, Matomo, iliyoitwa Piwik hadi mwaka 2018, huorodhesha maneno yaliyotafutwa, na hutenga katika orodha ya pekee yale ambayo hayakuleta jibu, mradi tovuti iwe imeandaliwa kuieleza idadi ya majibu.

Maktaba ambayo bado inatumia kadi nayo haikosi njia. Daftari moja mezani pa mkutubi, ambamo swali la kila msomaji aliyekosa kitabu linaandikwa kwa maneno yake mwenyewe, hutoa data ya aina hiyo hiyo. Sharti ni moja tu: mkutubi asiyatafsiri maneno ya msomaji wakati wa kuyaandika, kwani maneno hayo ndiyo yanayotafutwa.

4. Lugha ya msomaji na lugha ya katalogi

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inaitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Ciluba kuwa lugha za taifa. Chuoni Bunia masomo hutolewa kwa Kifaransa. Sokoni, kanisani na nyumbani Kiswahili hutawala, pamoja na lugha nyingine za Ituri, baadhi zikiwa za Kibantu kama Kibira, na nyingine zisizo za Kibantu kama Kilendu na Kialur. Katalogi nayo ina lugha yake. Katika nchi zinazotumia Kifaransa, maktaba nyingi hufuata orodha ya mada ya RAMEAU, iliyoanzishwa mwaka 1980 na kutunzwa na Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Hivyo msomaji wa Bunia anapofika kwenye katalogi hana budi kutafsiri, na kosa laweza kutokea katika kila hatua ya tafsiri hiyo. Matatizo matatu yanastahili kutazamwa kwa karibu.

4.1 Viambishi awali

Programu nyingi za kutafuta zilitungwa kwa ajili ya lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Humruhusu msomaji kuandika mwanzo wa neno na kuacha mwisho wazi. Akiandika enseign atapata enseignant, enseigner na enseignement. Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni pia. Anayetafuta kitabu hatapata vitabu, wala anayetafuta mwalimu hatapata walimu, kwa kuwa kompyuta huona maneno mawili yasiyohusiana. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo maumbo huzidi kuongezeka: mtoto huwa mutoto, watoto huwa batoto, na vitabu huwa bitabu. Msomaji aliyezoea maumbo haya, akikutana na katalogi yenye Kiswahili sanifu peke yake, atakosa hata kile ambacho kimeandikwa kwa lugha yake.

Mtu aweza kufikiri kwamba suluhisho ni kuiagiza kompyuta ikate viambishi awali vyote. Njia hiyo ina hatari yake. Mgonjwa, wagonjwa, ugonjwa na magonjwa yote yatabaki -gonjwa, na anayetafuta vitabu juu ya haki za wagonjwa ataletewa vitabu vyote vya maradhi. Ngeli hubeba maana, si umoja na wingi tu. Kwa hiyo ni afadhali kuoanisha umoja na wingi wa kila jina, na umbo sanifu na umbo la Kongo, katika orodha iliyotungwa kwa kufuata kumbukumbu za utafutaji wenyewe. Orodha hiyo haihitaji kuwa na kamusi nzima. Inahitaji maneno ambayo wasomaji wanayaandika.

4.2 Dhahabu iliyogeuka kiunganishi

Neno la Kifaransa or lina maana ya dhahabu, madini yaliyoandika sehemu kubwa ya historia ya Ituri tangu yalipogunduliwa Kilo mwaka 1903. Mwaka 1926 iliundwa kampuni iliyoitwa Société des Mines d'Or de Kilo-Moto. Lakini katika programu nyingi za maktaba, zilizotungwa kwa misingi ya Kiingereza na ya mantiki ya George Boole, or ni kiunganishi chenye maana ya "au". Mwanafunzi wa historia anayeandika or Kilo-Moto anaweza kusomwa na kompyuta kana kwamba amesema "au Kilo-Moto": neno lake kuu limekuwa kiunganishi, au limetupwa kama neno dogo lisilo na maana. Hata d'Or huleta utata, kwa kuwa programu moja hukata neno kwenye kiapostrofi na nyingine hulisoma kama neno moja. Hapa msomaji hana kosa lolote, wala hawezi kulijua kosa lenyewe. Ni kumbukumbu tu, zinapoonyesha neno or likirudiwa bila matokeo ya maana, zitakazomwamsha mkutubi arekebishe mpangilio wa programu.

4.3 Mlolongo wa msomaji mmoja

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kilimo anayetaka maandishi juu ya majani ya muhogo. Kwanza anaandika sombe, kama yanavyoitwa mashariki ya Kongo, hapati kitu. Anaandika majani ya muhogo, hapati kitu. Baada ya dakika moja anaandika feuilles de manioc, na tasnifu mbili zinatokea. Aliyehesabu tu ataona utafutaji mara tatu, mara mbili bila mafanikio. Aliyesoma mlolongo ataona kwamba msomaji huyu ametunga kidahizo cha kamusi ya lugha mbili. Ameonyesha kwamba sombe, majani ya muhogo na feuilles de manioc vina maana moja, na amefanya hivyo bila kuulizwa. Mkutubi akiandika rejeo "sombe: tazama feuilles de manioc", msomaji atakayefuata hatalipia gharama ile ile. Naye mwanaistilahi amepata ushahidi wa matumizi, jambo ambalo dodoso haliwezi kumpa kwa urahisi.

5. Hatua za uchambuzi

Kazi huanza kwa kusafisha. Huondolewa maombi ya roboti za mtandao, utafutaji wa wafanyakazi wa maktaba wenyewe, na kurudiwa kwa ombi moja pale msomaji anapofungua ukurasa wa pili wa majibu. Kisha hupatikana kiwango cha kutofaulu kwa kugawanya idadi ya utafutaji usio na jibu kwa idadi ya utafutaji wote, na kuzidisha kwa 100. Tarakimu hiyo peke yake haisemi mengi. Faida iko katika kuyasoma maneno yasiyofaulu moja baada ya jingine na kuyagawa katika makundi matano.

(a) Makosa ya tahajia au ya chapa. Haya hutibiwa kwa programu kupendekeza neno lililo karibu.
(b) Sehemu isiyofaa, kama vile jina la mwandishi kuandikwa penye mada. Haya hutibiwa kwa maelekezo, au kwa kutafuta katika sehemu zote kwa pamoja.
(c) Neno la msomaji kutofautiana na neno la katalogi. Haya hutibiwa kwa marejeo.
(d) Hitilafu ya mfumo, kama ile ya or. Hutibiwa na fundi.
(e) Kitabu kukosekana kwa kweli. Hapa ndipo orodha ya ununuzi inapopata msingi.

Mpangilio huu una maana ya kifedha. Maktaba inayochanganya kundi (c) na kundi (e) yaweza kununua kitabu ilicho nacho tayari. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020, uliozikumba Kivu ya Kaskazini na Ituri, tofauti hiyo ingeweza kuamua iwapo mwanafunzi wa uuguzi anapata maandishi siku ile ile au la.

6. Mipaka na usiri

Kumbukumbu hazisemi kila kitu. Utafutaji usio na jibu si mara zote kushindwa. Mwanafunzi anayechagua mada ya tasnifu aweza kufurahi akiona kwamba haijaandikiwa. Wala majibu mia tatu si ushindi, iwapo hakuna hata moja lililofunguliwa. Zaidi ya hayo, asiye na umeme wala fedha za intaneti haachi alama yoyote, na ukimya wake usichukuliwe kuwa ni kutosheka.

Suala la usiri ni zito zaidi. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani maneno yapatayo milioni 20 yaliyotafutwa na watumiaji wapatao 650,000, majina yao yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Waandishi wa habari walimtambua mtumiaji mmoja kwa maneno yake peke yake. Bunia ni mji ulioumizwa na vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na Mei 2021 serikali iliiweka Ituri chini ya utawala wa kijeshi. Katika mazingira kama hayo, mtu anayesoma historia ya jamii fulani, ya migodi au ya makundi yenye silaha asidhaniwe vibaya kwa sababu ya alichotafuta. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 imeweka ulinzi wa data binafsi nchini Kongo.

Kwa hiyo inafaa kutenga maneno na watu tangu mwanzo: kufuta tarakimu za mwisho za namba ya kompyuta mtandaoni, jambo ambalo Matomo huweza kulifanya yenyewe, kutounganisha utafutaji na kadi ya msomaji, kuondoa maneno yenye majina ya watu binafsi, na kuharibu kumbukumbu ghafi mara uchambuzi unapokwisha. Mlolongo wa dakika chache watosha kwa kazi iliyoelezwa katika 4.3, historia ya mwaka mzima ya mtu mmoja haihitajiki. Wasomaji nao waarifiwe kwa tangazo la Kifaransa na la Kiswahili, linaloeleza kinachohifadhiwa na sababu yake.

7. Hitimisho

Imeelezwa kwamba utafutaji usiofaulu ni ujumbe kutoka kwa msomaji kwenda kwa maktaba, nao umeandikwa kwa lugha yake mwenyewe. Kuusoma kunahitaji mkutubi anayeijua katalogi, fundi anayeijua programu, na mwanaisimu anayezijua ngeli, lahaja na istilahi. Idara za Kiswahili zina nafasi ya kuanza kwa hatua ndogo: wanafunzi wakusanye, kwa idhini ya maktaba na bila majina ya watu, maneno mia moja yasiyofaulu, wayagawe katika makundi matano yaliyotajwa, na kuwakabidhi wakutubi orodha ya marejeo. Orodha ya maneno mia moja yaweza kufungua vitabu ambavyo vimekaa rafuni miaka mingi bila kufikiwa.