Mali Isiyouzwa: Wakfu wa Pwani na Heshima ya Mhitaji

Lugha ya Kiswahili haikuridhika na neno moja la kutoa. Hiba ni kitu anachopewa mtu kwa mapenzi, awe tajiri au maskini. Nadhiri ni ahadi aliyojifunga nayo mtu mbele ya Mungu, ambayo hana budi kuitekeleza haja yake ikishatimia. Sadaka hutolewa kwa hiari, kwa kutaraji radhi za Mungu. Zaka ni sehemu ya mali ambayo Mwislamu mwenye uwezo amefaradhishiwa kuitoa kila mwaka. Na wakfu ni mali ambayo mwenyewe ameizuia isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe hiba, ili manufaa yake yawaendee watu aliowakusudia, kizazi baada ya kizazi. Maneno haya yaliingia pwani ya Afrika Mashariki kutoka katika Kiarabu, lakini yamezoeleka kiasi kwamba Wakristo nao hutoa zaka na sadaka kanisani, na huweka wakfu madhabahu na maaskofu, ingawa maana waliyoyapa si ileile ya wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu.

Tofauti hizi si za msamiati tu, kwa kuwa kila neno linamweka mpokeaji mahali tofauti mbele ya mtoaji. Anayepokea zaka, kwa mfano, hapokei fadhila ya mtu bali anachukua haki yake, kwa maana Kurani inasema kwamba katika mali za waumini imo haki maalumu ya mwenye kuomba na ya aliyenyimwa. Ndiyo maana kiwango chake hakikuachiwa moyo wa tajiri: mtu akimiliki dhahabu inayofikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ambacho hukadiriwa kuwa gramu 85, na mwaka mzima wa mwezi mwandamo ukapita mali hiyo ikiwa mikononi mwake, hutoa asilimia 2.5, na mkulima hutoa sehemu moja ya kumi ya mazao yaliyonyeshewa na mvua, au nusu ya hiyo ikiwa ameyamwagilia kwa gharama. Waliotajwa kustahiki ni makundi 8, wakitanguliwa na mafakiri na maskini, ambao kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, si watu wa hali moja: fakiri hana kitu, au anacho kisichofika hata nusu ya mahitaji yake, na maskini anacho lakini hakimtoshi.

Sehemu ya sheria hiyo inayoonekana vizuri zaidi majumbani ni zaka ya fitri, inayotolewa Ramadhani inapomalizika. Mwenye nyumba humtolea kila mtu aliye chini yake, hata mtoto mchanga, pishi moja ya chakula kinacholiwa sana katika mji wake, na pishi ni vibaba vinne, ambavyo siku hizi hupimwa kwenye mizani na kuhesabiwa kuwa kati ya kilo 2.5 na 3 za mchele. Chakula hicho kinatakiwa kimfikie mhitaji kabla ya sala ya Idi, ili nyumba yake isilazimike kubisha hodi kwa watu siku ambayo kila nyumba inapika. Katika mitaa mingi mfuko hupelekwa usiku, mwezi ukishaandama, mara nyingi na mtoto aliyeagizwa auweke uani, aseme kwamba umetoka nyumbani na arudi bila kungoja shukrani. Katika namna hiyo ya kupeleka mna elimu kubwa kuliko iliyomo katika pishi yenyewe, kwa sababu mtu mwenye njaa ana tumbo na ana uso pia, na anayemshibisha kwa kumwaibisha amemtoa katika dhiki moja akamtia katika nyingine. Kurani nayo, katika Sura ya Pili, inawaonya waumini wasiziharibu sadaka zao kwa masimango, na inaliweka neno jema juu ya sadaka inayofuatwa na maudhi.

Hata hivyo, ukarimu wa mtu mmoja, uwe mkubwa namna gani, una kasoro ambayo historia ya pwani imeihifadhi kwa uwazi wa ajabu. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, anamtaja sultani wa huko, Hasan bin Suleiman, aliyejulikana kwa jina la Abu al-Mawahib, yaani mtu wa vipawa vingi, kwa jinsi alivyokuwa akigawa mali. Anasimulia kwamba Ijumaa moja sultani alipokuwa akirudi nyumbani baada ya sala, fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizokuwa amevaa, naye akarudi akavaa nyingine na kumkabidhi zile. Mwanawe alizichukua kwa fakiri akampa watumwa 10 badala yake, na sultani aliposikia watu wanavyolisifu tendo hilo akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Lakini sultani huyo alipofariki na nduguye Daud kushika utawala, waombaji waliofika waliambiwa kuwa mtoaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutoa, na wageni walikaa miezi wakingoja hadi wakaacha kwenda mlangoni kwake.

Kisa hiki husomwa sana kama sifa ya Kilwa, na kwa haki, lakini kina mambo mawili yasiyofaa kupitwa haraka. La kwanza ni kwamba waliotolewa kuwa zawadi walikuwa watu, na msafiri huyohuyo anaeleza kuwa mali ya sultani ilitokana kwa sehemu na mashambulizi dhidi ya majirani wa bara. Huruma iliyomwona fakiri mmoja njiani haikuwaona 20 waliokabidhiwa kwake. La pili ni kwamba huruma hiyo ilikuwa imefungwa katika pumzi ya mtu, na pumzi ilipokatika, mlango ulifungwa.

Wakfu ni jibu la tatizo hili la pili. Asili yake inarejeshwa katika karne ya 7, wakati Umar bin al-Khattab, sahaba wa Mtume, alipopata shamba huko Khaybar na kumuuliza Mtume alifanyie nini, akashauriwa alizuie shamba lenyewe na ayatoe sadaka mazao yake. Umar akaweka sharti kwamba lisiuzwe wala lisirithiwe, na kwamba anayelisimamia ale kwa wastani bila kujilimbikizia mali. Msimamizi wa namna hiyo huitwa mtawalli. Wanazuoni waliuhesabu wakfu kuwa sadaka jaria, yaani sadaka inayoendelea, ambayo ni miongoni mwa mambo matatu yasiyokatika mtu anapokufa, pamoja na elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemwombea mzazi wake.

Upana wa kile ambacho watu walikifikiria kukiwekea wakfu unastaajabisha. Huko Cairo hospitali ya Sultan Qalawun, iliyojengwa mwaka 1284, iliendeshwa kwa mapato ya wakfu na kuwapokea matajiri na maskini bila malipo. Ibn Battuta huyohuyo, akiwa Damascus miaka mitano kabla ya kufika Kilwa, alimwona kijana mtumwa aliyeangusha sahani ya kauri ya China ikavunjika, watu wakamzunguka, na mmoja akamwambia akusanye vigae avipeleke kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo, naye alipovionyesha akapewa fedha ya kununua sahani nyingine. Yeyote aliyeuanzisha wakfu huo alikuwa ameketi akamwaza mtoto asiyemjua, amesimama njiani na vigae mikononi, akiogopa kurudi kwa bwana wake. Na hapo ndipo huruma inapokuwa kazi ya akili sawa na kazi ya moyo.

Katika pwani ya Afrika Mashariki wakfu ulichukua sura ya mazingira yake. Unguja na Pemba, mashamba ya minazi na mikarafuu yaliwekewa wakfu misikiti, vyuo vya Kurani na jamaa wa mtoaji, na katika Mji Mkongwe nyumba nyingi za mawe zingali mali ya wakfu hadi leo. Miongoni mwa walioweka wakfu walikuwamo wanawake, kwa kuwa sheria iliwatambua kuwa wamiliki kamili wa mali zao, na miongoni mwa walionufaika walikuwamo walioachwa huru kutoka utumwani, waliopewa mahali pa kukaa ambapo mrithi wa bwana wao wa zamani hangeweza kuwaondoa.

Wakfu wa jamaa ndio ulioleta mvutano mkubwa wakati wa ukoloni. Mahakama ya juu ya rufaa ya dola ya Uingereza, iliyokaa London, iliamua mwaka 1894 katika kesi iliyotoka Bengal kwamba wakfu unaowanufaisha kwanza watoto na wajukuu wa mtoaji, na kuwafikia maskini pale tu kizazi kitakapokatika, si sadaka ya kweli, na msimamo huo ukafuatwa katika kesi za Afrika Mashariki pia. Majaji hao walihukumu kwa kipimo kisichokuwa cha watu waliohusika, kwani mafundisho ya Kiislamu yanamhesabia anayemsaidia jamaa mhitaji thawabu mbili, ya sadaka na ya kuunga udugu. Nchini Kenya ilibidi itungwe sheria mwaka 1951 kuurudishia wakfu wa jamaa nguvu yake, na sheria hiyo nayo imebadilishwa kwa nyingine ya 2022. Zanzibar, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inafanya kazi chini ya sheria ya 2007.

Lakini si sheria za wageni pekee zilizoudhoofisha wakfu. Wako watawalli waliogeuza amana kuwa urithi wao, wako wapangaji wanaolipa kodi ndogo isiyotosha hata chokaa ya ukuta, na yako maeneo yaliyopotea kwa sababu hati ililiwa na mchwa na mashahidi wakafa. Nyumba ya wakfu inayobomoka haimwibii marehemu, ambaye nia yake imekwisha kuandikwa. Inamwibia mjane ambaye chakula chake kilitazamiwa kutoka humo, na ambaye hana wa kumlalamikia.

Wazee wa pwani waliuelewa udhaifu wa mali isiyo na cha kuitunza kuliko wafadhili wengi wa leo. Siku hizi ni jambo la kawaida kwa mtu mwema, au kundi la watu wema, kuchimba kisima kirefu kijijini, kufunga pampu na kupiga picha ya maji yakitoka, kisha pampu inapoharibika baada ya miaka michache hakuna fedha ya kipuri wala fundi, na kina mama wanarudi mtoni na madumu yao. Zamani, aliyejenga msikiti na birika yake alitenga pamoja navyo minazi kadhaa, akataja katika hati kwamba nazi zake zitanunua mafuta ya taa na mikeka, na kwamba kutokana na minazi hiyo hiyo itapatikana kamba ya kisima na ndoo nyingine ile ya kwanza itakapotoboka.