Risasi Zilizolowa Maji ya Manza

Tarehe 14 Aprili 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli ya Kijerumani Rubens, iliyokuwa ikijisingizia kuwa ya Denmark, iliingia mbio katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku manowari ya Kiingereza Hyacinth ikiiandama kwa mizinga. Nahodha Carl Christiansen aliona hana pa kutokea. Akaikwamisha kwenye maji mafupi na kuacha bahari ijaze ngama, moto usije ukaifikia shehena. Waingereza waliiona inaungua, wakaenda zao wakiamini kazi imekwisha. Ndani ya ngama zilikuwamo bunduki za kisasa na mamilioni ya risasi, na haukupita muda wazamiaji walianza kuzitoa.

Kwa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara, mzigo ule ulikuwa roho yake. Januari ya mwaka huohuo alikuwa ameshinda Jasini, karibu na mpaka wa Kenya, lakini ushindi ule ulimla risasi 200,000. Akapiga hesabu, akaona kwamba kwa akiba aliyobaki nayo angeweza kupigana mara tatu tu zaidi kwa namna ile. Pwani imefungwa na manowari, kiwanda cha risasi hakuna. Tena askari wake wengi walikuwa wamebeba bunduki za mwaka 1871 zinazotumia baruti nyeusi, ile ya shura, makaa na kiberiti. Baruti hiyo ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi bali vumbi la chumvichumvi, ndiyo maana hutoa wingu zito la moshi. Ukipiga mara moja tu, adui ameshajua ulipojificha.

Risasi za Rubens hazikuwa na kasoro hiyo, ila zilikuwa zimekaa kwenye maji ya bahari. Ajabu ni kwamba uharibifu haukujitokeza wote kwa mara moja. Kadiri siku zilivyopita ndivyo zilivyozidi kugoma, kwa sababu chumvi iliyopenya kati ya ganda na kichwa cha risasi haitulii. Huvuta unyevu kutoka hewani na kuendelea kula shaba na kemikali zilizomo ndani.

Ukiifungua risasi utakuta baruti imejaa ndani ya ganda, na kitakoni kuna fataki, kijikombe kidogo ambacho pini ya bunduki ikikigonga hutoa cheche ya kuiwasha hiyo baruti. Wengi wangedhani kwamba baruti ndiyo inayoharibiwa zaidi na maji. Sivyo. Baruti isiyo na moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliivumbua mwaka 1884, hutengenezwa kwa nitroselulosi, yaani nyuzi za mmea kama pamba zilizotiwa asidi ya nitriki, na nitroselulosi haiyeyuki majini. Viwandani huhifadhiwa ikiwa imelowa makusudi, ili isilipuke. Kwa hiyo iliyolowa Manza ikisafishwa chumvi na kukaushwa ina nafasi nzuri ya kuwaka tena. Ingekuwa baruti nyeusi, shura ingeyeyuka na kubaki tope la makaa.

Ugonjwa ulikuwa kwenye fataki. Za zama zile kwa kawaida zilitiwa fulmineti ya zebaki pamoja na klorati ya potasiamu, na klorati huyeyuka kama chumvi ya mezani. Fataki iliyolowa, hata ikauke, huenda isitoe cheche ya kutosha.

Ndipo kazi kubwa ikaanza katika mji wa Moshi. Kwa miezi kadhaa askari na wapagazi wote waliopatikana walifanya kazi kuanzia alfajiri hadi usiku: kufungua risasi moja moja, kusafisha baruti, kubadilisha baadhi ya fataki kwa nyingine zilizopatikana humu nchini, ingawa za muundo tofauti. Vitabu vya vita humsifu kamanda kwa werevu wake. Mimi naona sifa ingeanzia kwa watu hao wasiotajwa majina, walioshika siku nzima vitu ambavyo hulipuka kwa kugongwa tu.

Kisha zikachaguliwa. Risasi ambazo hazikuwa zimeharibika ziliwekwa kwa ajili ya bombomu peke yake. Kati ya zilizotengenezwa upya, kundi lililogoma kwa takriban asilimia 20 lilipelekwa vitani, na lililozidi hapo likawa la mazoezi.

Mgawanyo huo una mantiki ya kihandisi. Bombomu la Maxim hujiendesha kwa nguvu ya risasi yenyewe: kishindo kinachorudi nyuma ndicho kinachotoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Moja ikigoma, hakuna kishindo, na bombomu linanyamaza mpaka mtu alivute kwa mkono. Kwa risasi zinazogoma 20 katika 100, bombomu lingepiga nne kwa wastani, kisha likwame. Mwenye bunduki ya kawaida yeye huvuta komeo kwa mkono kila mara hata risasi ikiwa nzima, hivyo ikigoma hupoteza sekunde tu. Hata hivyo si neema: uwezekano wa kupiga tano mfululizo, yaani kumaliza risasi zote za Mauser bila kugomewa, ni kama theluthi moja.

Hata zile mbovu zilikuwa na faida yake. Walimu wa shabaha hadi leo huchanganya risasi bandia na za kweli, maana bunduki inapokaa kimya ndipo huonekana nani hushtuka na kuuchezesha mtutu kabla haijalia.

Machi 1916 meli nyingine, Marie, ilifika ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, na safari hiyo shehena ilishuka ikiwa kavu. Nayo ikaisha. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuiteka ngome ya Wareno huko Ngomano, na tangu hapo aliyeamua askari abebe bunduki gani alikuwa adui mwenye risasi za kutekwa. Mwaka mmoja kamili baadaye, aliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, zilihesabiwa bunduki 1,071, zote za Kiingereza na Kireno.